Sauti ya Marehemu Spana Imeboreshwa

Habari yenyewe ilitoka kwenye redio ya kinyozi, ile redio ya kaseti ambayo antena yake ni waya wa kutundikia nguo. Kampuni ya Sikio, wale wanaotengeneza simu zenye alama ya sikio mgongoni, walikuwa wametangaza kwamba ikifika kesho jioni simu zao zote za zamani zitafungiwa huduma, na ujumbe wa sauti uliohifadhiwa humo utafutwa. Mtangazaji akamalizia kwa sauti ya upole kwamba kampuni imeamua hivyo kwa usalama wa mteja.

"Usalama wangu mimi?" akauliza Hakimu. "Nani amekwenda kulalamika?"

Hakimu hajawahi kumhukumu hata kuku. Alikuwa tarishi mahakamani, akibeba mafaili kwapani kutoka chumba hiki kwenda kile, na inaelekea sheria ilimpanda kichwani kwa njia hiyo hiyo ya kwapa. Siku hizi amestaafu na mahakama yake ni benchi letu.

Benchi lenyewe liko kati ya baraza ya Mama Pindo, fundi cherehani, na kibanda cha kinyozi. Mimi hukaa hapo kwa sababu gauni langu liko kwa Mama Pindo linasubiri mkono wa kushoto. Limesubiri sana. Simharakishi, maana siku likikamilika sitakuwa na sababu ya kuja kusikiliza ya watu.

"Nyinyi hamjui biashara," akasema Toleo. "Kampuni inakwenda mbele. Haiwezi kumsubiri kila mtu avae viatu."

Huyu Toleo ana duka la magodoro ng'ambo ya barabara. Kila Sikio wakitoa toleo jipya, yeye yuko mlangoni kwao kabla ya mlinzi. Mkewe anasema hata godoro lao la chumbani lilishageuka simu.

"Mbele wapi?" kinyozi akamuuliza, huku anapuliza nywele kwenye mashine yake. "Walianza kwa kutoa chaja kwenye boksi. Wakasema wanalinda miti."

"Ni kweli, wanalinda miti."

"Na chaja nikaifuata dukani. Imefungwa kwenye boksi lake peke yake. Hilo boksi limetengenezwa kwa nini, kwa mawingu?"

"Kaka, wewe ubishi tu."

"Halafu wakaziba tundu la spika za masikioni," akadakia Hakimu. "Kampuni inaitwa Sikio, inaziba tundu. Hiyo iingie kwenye kumbukumbu."

"Halafu mgongo wa kioo," nikatia la kwangu. "Mtu unakitoa kwenye boksi kimeng'aa, unakivisha gamba la mpira siku hiyo hiyo, hukioni tena mpaka kife. Mimi mume wa namna hiyo nilishawahi kuchumbiwa naye, nikakataa."

"Bibi, wewe simu yako ina vitufe vya kubonyeza," akasema Toleo. "Huna haki ya kuchangia."

"Vitufe vyangu vinanijua. Hicho chako je, leo kimekujua?"

Hapo nilimpata pabaya. Asubuhi ile alikuwa amenyolewa ndevu zote, na simu yake mpya inafunguka kwa kutazama uso. Tangu atoke kwenye kiti alikuwa anaitazama, inamtazama, halafu inatikisika kama mtu anayekataa uji.

"Hebu itazame tena," kinyozi akamwambia. "Tabasamu. Inua kidevu. Jaribu kuwaza ndevu."

"Inasema mimi si mwenyewe."

"Nimefanya kazi safi leo. Nimekunyoa mpaka kampuni imekukana."

Ikabidi aweke namba za siri, akiwa ameinama na kukunja kiganja, kana kwamba mmoja wetu angezitaka.

Wakati tunacheka ndipo nikagundua cherehani imenyamaza. Cherehani ya Mama Pindo hunyamaza kwa mambo mawili tu, uzi ukikatika au umbea ukinoga, na siku hiyo uzi ulikuwa mzima. Akatoka barazani, tepu ya kupimia shingoni na pini mbili mdomoni. Akazitoa pini.

"Huo ujumbe wa sauti unaofutwa," akasema, "ni ule mpya au hata wa zamani?"

"Wa zamani ndio hasa," Toleo akamjibu. "Mpya utabaki."

Mama Pindo akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa simu yake ya Sikio. Kioo kina nyufa kama kisigino changu, na nyuma imebanwa kwa mpira uliotoka kwenye suruali ya mteja.

"Basi Spana wangu anafutwa kesho," akasema.

Spana alikuwa mumewe, fundi baiskeli, na alikaa mwisho wa benchi hili mpaka kifua kilipomchukua. Mbao bado ina bonde lake. Alizichukia simu, akisema ni kama kuongea na ndoo, na maisha yake yote aliacha ujumbe wa sauti mmoja tu. Mkewe huusikiliza jioni akishafunga mlango. Kinyozi, ambaye kibanda chake kimegusana ukuta na nyumba hiyo, alishatuambia: husikia marehemu anakohoa na kumtaja yeye kinyozi, kisha husikia Mama Pindo anacheka. Anachekea nini, hakuna aliyejua.

"Mama, hilo ni jambo dogo," akasema Toleo, na sura yake ikachangamka ghafla kama iliyorudishiwa ndevu. "Lete nikuhamishie kwenye hii yangu. Hii haifutiki. Itakaa mpaka wajukuu."

"Mpaka toleo lijalo," akasema Hakimu.

"Lete, mama."

"Mhamishie tu," kinyozi akasema bila kugeuka, anafuta kiti ambacho kilikuwa safi. "Mimi sina neno. Huko alikohifadhiwa ndiko alikoniitia mwizi."

Hapa inabidi niwaeleze, maana msipojua hili mtacheka mahali ambapo si pake. Kinyozi tunamwita Pampu. Zamani kidogo, pampu ya baiskeli ya Spana ilipotea hapa benchini mchana kweupe, na Spana akasimama katikati ya barabara akamtangaza kinyozi kuwa ndiye aliyeichukua, kwa ushahidi kwamba alikuwa akiitazama. Pampu haikuonekana tena. Jina likaganda. Mpaka leo mteja akitaka kukaa kwenye kile kiti, kwanza anampa Hakimu simu amshikie, kwa utani, lakini anampa. Na wakwe wa binti wa kinyozi walipouliza jina hilo limetoka wapi, yeye, mtu mzima, akajibu kwamba ujanani alikuwa akijaza mipira ya timu.

Toleo akaziweka simu mbili mgongo kwa mgongo. Kukawa na mlio kama tone la maji.

"Tayari," akasema. "Oneni inavyoandika. 'Sauti imeboreshwa.' Mnaona? Hata hatukuomba."

"Ndicho kinachonitia wasiwasi," nikasema.

Akabonyeza. Na kwenye baraza ile ikatoka sauti ya mwanamume laini, imepigwa pasi, kama ya mtu anayesoma matangazo ya vifo vya watu asiowajua. "Mama Pindo. Pampu yangu haipo. Ni huyu kinyozi. Mtu ananyoa huku anaangalia mali ya mwenzake." Kisha kimya.

"Huyo nani?" akauliza Mama Pindo.

"Mumeo."

"Huyo si mume wangu. Mume wangu alikuwa anakohoa kama pikipiki inayokataa kuwaka. Kikohozi kiko wapi?"

"Kimeondolewa, mama. Simu inaondoa makelele."

"Miaka nimelala na hicho kikohozi, leo ni makelele?"

"Ngoja, kuna zaidi," akasema Toleo, ambaye hajui kunyamaza. "Inatoa na ushauri. Inasema, 'Mpendwa wako anatafuta pampu.' Halafu inakuonyesha pampu za kununua. Hii ya baiskeli. Hii ya matairi ya gari. Hii..." Akasita.

Hakimu akachungulia. "Hiyo ni ya kukamulia maziwa kwa mama anayenyonyesha."

"Mwambie nimechelewa kidogo," akasema Mama Pindo.

"Na hapa chini imeshakuandikia majibu. Wewe ni kuchagua tu. La kwanza, 'Sawa, mpenzi.' La pili..." Safari hii Toleo mwenyewe akameza mate. "La pili, 'Niko njiani.'"

Pampu alicheka mpaka akashika mlango. Hakimu akavua kofia, sijui kwa heshima ya marehemu au ya kampuni.

"Niko njiani," akarudia Mama Pindo taratibu. "Hebu iandikie kwamba bado nina gauni la Bibi halijapata mkono. Nikilimaliza nitaanza safari."

"Basi utaishi milele," nikamwambia.

Lakini hakucheka. Alikuwa amekunja uso, anahesabu jambo kichwani kama anayepima kitambaa kilichopungua. "Irudie mpaka mwisho," akamwambia Toleo. Ikarudiwa. Ikafika pale pale kwenye mali ya mwenzake, ikakatika.

"Kuna kipande kimekatwa," akasema.

"Kipande gani?"

"Cha mwisho."

Toleo akagusa hapa, akagusa pale. "Inasema imeondoa sehemu isiyo na maana. Baada ya maneno kulikuwa na kimya kirefu, basi ikahesabu mazungumzo yamekwisha."

"Nani ameamua hakina maana?"

"Kampuni."

"Kampuni ilimjua Spana?"

"Mama, haijui mtu mmoja mmoja."

"Basi zima hicho kiboreshaji."

Akatafuta sana. Kidole kilitembea juu ya kile kioo kama mtu aliyepotelewa na sindano mkekani. Mwisho akainua macho. "Hakizimiki. Inasema hivyo ndivyo wanavyotuhakikishia ubora."

"Ndugu mshitakiwa," Hakimu akamwambia Toleo, "kaa chini."

Akakaa. Na kwa kuwa alichanganyikiwa akakaa mwisho wa benchi, kwenye bonde la Spana, tukamtazama wote mpaka akahama.

Mama Pindo akaichukua simu yake yenye nyufa, akaikumbatia kifuani. Humo sauti ilikuwa bado nzima, na kikohozi chake na kipande chake, lakini ni mpaka kesho jioni. Hakimu akakuna kidevu, akasema kinachotakiwa hapa ni chombo kisicho na akili. Chombo ambacho kikisikia kitu kinakichukua kama kilivyo, bila kutoa maoni.

Macho yetu yote yakaenda mahali pamoja. Juu ya rafu ya kinyozi, kati ya poda na spiriti, ilikuwa ile redio ya kaseti, na kitufe chake chekundu cha kurekodia.

"Hapana," akasema Pampu.

"Shemeji," akaanza Mama Pindo.

"Hapana, shemeji. Nakuheshimu. Lakini mtu amenitangaza mwizi mbele ya barabara nzima, leo nimhifadhi kwenye redio yangu? Nimlishe na betri?"

"Nakuomba."

"Sauti yake ya kuniita mwizi nimeshaisikia. Iliyokohoa na isiyokohoa. Inanitosha."

"Hujaisikia yote."

"Kuna tusi lingine mbele?"

Mama Pindo akatazama chini. Akaivuta tepu ya shingoni upande mmoja, akaivuta upande mwingine. Mimi namjua tangu ujana. Alipokuwa anapima maneno namna ile, ni kwamba yalikuwa na uzito.

"Kuna kitu humo," akasema. "Lakini mwenyewe aliniambia nisimwambie mtu. Nami sijamwambia mtu, mpaka nimemzika. Sasa, shemeji, mimi sitasema. Nitabonyeza tu."

Tukamgeukia Hakimu. Hakimu akakohoa kikohozi cha kimahakama. "Kubonyeza si kusema," akatamka. "Mahakama haioni kosa."

Pampu alisimama kidogo, mashine mkononi. Kisha akaiweka chini, akateremsha redio, akatafuta kaseti chini ya droo ya viwembe. Ilikuwa kaseti ya nyimbo, ya kununua, ambayo haikubali kurekodiwa mpaka uzibe kitundu chake cha juu. Akakata kipande cha karatasi, akakikunja, akakishindilia kwa ncha ya mkasi.

"Mnaona," akasema Hakimu. "Huyu naye ameziba tundu, lakini chombo kimeanza kufanya kazi."

Redio ikawekwa juu ya benchi, simu ikalazwa mbele yake. Hakimu akaamuru kimya. Hata muuza magodoro akashikilia pumzi. Pampu akabonyeza chekundu, Mama Pindo akabonyeza chake, na Spana akakohoa.

Kikohozi kile. Mimi nilitazama pembeni.

"Mama Pindo. Mama Pindo, unanisikia? Hiki kidude kinawaka au hakiwaki?" Akakohoa tena. "Pampu yangu haipo. Nimeiweka hapa benchini, nimegeuka, haipo. Ni huyu kinyozi. Si nilikwambia jicho lake? Mtu ananyoa huku anaangalia mali ya mwenzake. Lakini nimemtangaza. Nimesimama barabarani nimemtangaza, kila mtu amesikia."

Kisha kikaja kile kimya kirefu. Lakini hakikuwa kimya. Ndani yake mlikuwa na pumzi ya mtu mzito, benchi likilia, mbao zikisogea. Kisha, kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeongea na goti lake:

"Mmh. Kumbe nimeikalia."

Sote tukalitazama lile bonde.

"Mama Pindo," ikaendelea ile sauti, na sasa kicheko kilikuwa kinapigana na kikohozi mlangoni mwa koo. "Usimwambie mtu. Nimeshamtangaza. Nitamwambia mwenyewe kesho."

Ikaisha. Kaseti ikaendelea kuzunguka, maana hakuna aliyekumbuka kuizima.

"Aliikalia," akasema Pampu.

"Aliikalia," akakubali Mama Pindo.

"Na hiyo kesho yake?"

"Kila siku alisema kesho."

"Ndiyo maana," akasema Hakimu, kama mtu anayesoma hukumu ambayo imemshangaza mwenyewe, "ndiyo maana toka wakati ule alikuwa anajazia upepo nyumbani, mlango umefungwa. Baiskeli zinatoka zimejaa, pampu hatuioni. Nikadhani anapuliza kwa mdomo."

"Na kile kifua?" nikasema. "Angepuliza nini."

"Na wewe, shemeji, ulijua," Pampu akamwambia Mama Pindo. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Nilijua."

"Miaka yote hii naja kuazima mkasi wako. Unanipa, unanitazama machoni, na unajua."

"Ndiyo maana sikuwahi kukunyima."

Nilisubiri aibebe redio yake aondoke, na haki angekuwa nayo. Badala yake akakaa. Alikaa mwisho wa benchi, mle mle kwenye bonde, na hakuna aliyemtazama vibaya.

"Mzee, wewe," akasema, si kwetu. "Ulikuwa unakaa hapa. Unapokea chai yangu kila asubuhi. Unasema asante, Pampu."

Mama Pindo alianza kucheka kwanza, kile kicheko anachokisikia Pampu ukutani, ila sasa machozi yalikuwa yanamwagika kwenye tepu. Toleo akafuata. Pampu alijitahidi kununa, midomo ikamsaliti.

"Rudisha nyuma," akasema. "Nataka kusikia pale anapoikalia."

Ikarudishwa. Spana akakohoa, akatangaza, akakaa kimya, akaikalia, akaomba siri. Na mara tu aliposema kesho, ikasikika sauti nyingine kutoka humo humo, ya karibu, ikimjibu: "Aliikalia." Kisha Hakimu, kisha mimi, kisha benchi zima likicheka, na cherehani, sijui nani aliigusa, ikipiga mishono miwili mitatu. Kaseti ilikuwa imetuchukua sote. Ilikuwa kama zamani kabisa, Spana kasema neno la kijinga na kijiwe kinamshughulikia.

"Hii haijaboreshwa," akasema Mama Pindo, na akafuta uso kwa gauni langu.

Kesho yake jioni simu yake ilionyesha alama ya sikio, ikazimika. Asubuhi iliyofuata redio ikasema Kampuni ya Sikio imesikia malalamiko ya wateja wake, na kwamba zoezi lile limeahirishwa. Toleo akasema mnaona, wanasikiliza. Mama Pindo alikuwa ameshaigeuza ile simu kuwa kigandamizo cha kuzuia vitambaa visipeperuke, na anasema kwa kazi hiyo haina mfano.

Siku hiyo hiyo Pampu akasimama mbele ya benchi, amevaa shati la kwenda ukweni, akatuomba rasmi kwamba kuanzia sasa tumwite kwa jina lake alilopewa na wazazi. Ombi lilikuwa la haki. Tukatazamana. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyekuwa analikumbuka.

"Jina nalo lingeweza kuboreshwa," akasema Toleo.

Hakimu akavaa kofia, ishara kwamba mahakama inaamua. "Mshitakiwa hana hatia," akasema. "Lakini jina linabaki. Ni kwa usalama wa mteja."

Kabla Pampu hajakata rufaa akaingia mtu anataka kunyolewa. Kama kawaida ya wote, akatoa simu mfukoni akamnyooshea Hakimu amshikie. Hakimu akaurudisha ule mkono.

"Kaa nayo mwenyewe. Kesi imekwisha."

"Kesi gani?" yule mtu akauliza, huku anafungwa kitambaa shingoni.

Pampu alinyoosha mkono kwenye rafu, akabonyeza redio.